Nani Alilipia Maendeleo ya Japani?

JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, lina mpango wa kupeleka mihadhara kuhusu nchi yao katika vyuo vikuu vya nchi zinazoendelea, za Afrika zikiwemo. Humo mna historia, siasa, uchumi na utamaduni. Hadithi yenyewe inavutia: mwaka 1868 utawala wa shogun, mkuu wa kijeshi aliyetawala kwa jina la mfalme, unang'olewa, na kabla ya miaka 40 kwisha nchi hiyo inaishinda Urusi vitani.

Wapo wanaosema ni propaganda tu. Sikubaliani nao sana. Kila taifa hujinadi. Wafaransa na Wachina nao wana taasisi zao katika miji yetu. La maana ni kama anayejinadi ana cha kufundisha, na Japani inacho. Chukua suala la wataalamu wa kigeni. Serikali ya Meiji, iliyoshika madaraka baada ya shogun, iliwaajiri kwa mishahara minono, lakini kwa mkataba wenye mwisho. Kiwanda cha hariri cha Tomioka kilifunguliwa mwaka 1872 chini ya Mfaransa, Paul Brunat. Mwishoni mwa 1875 mkataba wake ulikwisha, akaenda zake, na Wajapani wakakiendesha wenyewe. (Kwetu mshauri huaga, kisha akarudi na awamu ya pili.)

Wasiwasi wangu uko kwenye gharama, kwa kuwa simulizi ya ushindi huwa haina nafasi ya kueleza nani aliilipia. Mwaka 1873 serikali iliweka kodi ya ardhi ya asilimia 3 ya thamani ya shamba, ilipwe kwa fedha taslimu, mvua inyeshe isinyeshe. Wakulima waliasi, na mwaka 1877 ikashushwa hadi asilimia 2.5.

Halafu kuna Yawata, kiwanda cha chuma kilichoanza kazi mwaka 1901. Sehemu ya mtaji wake ilitokana na fidia iliyotozwa China baada ya kushindwa katika vita vya 1894–95, zaidi ya tael milioni 200 (tael ni kipimo cha Kichina cha uzito wa madini ya fedha). Vita hivyohivyo viliipa Japani Taiwan, na mwaka 1910 ikaitwaa Korea. Kwa hiyo anayesema "walijijenga kwa jasho lao" amesema nusu tu.

Lakini nusu hiyo nayo ni ya kweli, na ndiyo inayowapita wakosoaji. Tanuru la kwanza la Yawata lilichorwa na Wajerumani, likasumbua, na mwaka 1902 likazimwa. Fedha za China hazikuweza kulitengeneza. Aliyelifumbua fumbo ni mhandisi Mjapani, Noro Kageyoshi, akalirekebisha na mwaka 1904 likawashwa tena. Mtu wa namna hiyo hatoki kwenye fidia. Anatoka kwenye shule, na shule zililipiwa kwa sehemu kubwa na walewale wakulima wa kodi ya ardhi.

Kwa hiyo mihadhara ije, ila chuo mwenyeji kisiishie kutoa ukumbi na maji ya kunywa. Kimweke mwanahistoria wake mezani, apewe muda sawa na mgeni, naye aanze na Korea.