Tunaitaja Fouga, tunausahau uwanja wa Kolwezi

Mazungumzo ya Septemba 1961, ONU (Umoja wa Mataifa) ilipopigana na Katanga iliyojitenga na Kongo, yakianza hapa Lubumbashi, Fouga hutajwa kana kwamba avio ile ilipigana peke yake. Rubani abaki na sifa zake, lakini kwa maoni yangu kilichoiumiza ONU ni uwanja wa ndege wa Kolwezi.

Serikali ya Tshombe, rais wa Katanga, ilipokea Fouga Magister tatu Februari 1961. Ni ndege ya mafunzo: jeti mbili ndogo, bunduki mbili za rashasha. Kufikia vita vya Septemba ilibaki moja tu inayoruka. Kutoka Kolwezi hadi Jadotville, Likasi ya leo, ni kama kilomita 140 angani; hadi Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kama 240. Kwa kilomita 600 au 700 kwa saa, askari Wairlandi wa ONU waliozingirwa Jadotville walikuwa chini ya robo saa kutoka kwake. ONU haikuwa na ndege ya kivita hata moja, hivyo Fouga ilirudi kujaza mafuta bila wasiwasi. Kwa kuiogopa, DC-6 ya Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa ONU, iliruka usiku ikapita njia ndefu hadi ilipoanguka karibu na Ndola.

Kuna jambo ambalo wasimulizi hulisahau: hewa. Kolwezi iko mita 1,526 juu ya usawa wa bahari. Wahandisi wa viwanja huongeza urefu wa njia ya kurukia kwa asilimia 7 kila mita 300 za kimo. Penye kuhitajika mita 1,000 pwani, Kolwezi itahitaji karibu 1,360, kabla hujahesabu joto la mchana. Tena jeti humeza changarawe, injini ikaharibika. Kwa hiyo kiwanja cha vumbi msituni hakikuweza kirahisi kushika nafasi ya Kolwezi. Fouga ilikuwa na nyumba moja kuu, na adui aliijua.

Oktoba ONU ikaletewa jeti za kivita: Tunnan za Sweden, Sabre za Ethiopia na Canberra za India. Desemba zikaipiga Kolwezi. Mwaka mmoja baadaye Katanga ikawa na Harvard, ndege za propela, lakini kosa likawa lilelile: mwishoni mwa Desemba 1962 Tunnan zilitoka Kamina, kilomita 230 hivi, kila moja na mizinga minne ya milimita 20, zikazikuta zimeegeshwa. Ndege iliyo chini ni pipa la mafuta lenye mabawa. ONU iliingia Kolwezi tarehe 21 Januari 1963.