Ruzuku ya Jengo Ilipwe Kabla ya Fundi Kuanza Kazi

Mfadhili akitoa fedha za vitabu, vinanunuliwa vitabu na hesabu inafungwa. Akitoa fedha za kuziba mianya ya jengo na kubadilisha taa, bili ya umeme inashuka mwezi baada ya mwezi, na kiasi kinachookolewa hakina masharti ya mtu. Waliowahi kukaa kwenye kikao cha bajeti cha shirika lisilotengeneza faida wanajua fedha za namna hiyo zilivyo adimu. Karibu kila kinachoingia kimeshapangiwa kazi kwenye mkataba, na bili ya umeme inaangukia kwenye fungu la uendeshaji, ambalo wafadhili wengi hawataki hata kulisikia.

Kwa hiyo naziunga mkono kwa moyo wote ruzuku za kupunguza matumizi ya nishati kwenye majengo ya mashirika yasiyotengeneza faida. Ninachokipinga ni utaratibu wa kuzilipa.

Nyingi hulipwa kwa mtindo wa kurejeshewa. Shirika linatafuta mkandarasi, linamlipa kwa fedha zake, linakusanya risiti, linaziwasilisha, kisha linasubiri. Mara nyingi linatakiwa pia kuchangia sehemu ya gharama. Shirika lenye akiba benki linaweza kungoja miezi bila kuyumba. Kituo cha kulea watoto ambacho mhasibu wake anahangaikia mishahara kila mwisho wa mwezi hakiwezi, na hakitaomba. Mwisho wake fedha zinakwenda kwa wenye uwezo wa kukarabati hata bila msaada, huku majengo yanayopoteza nishati kuliko yote yakibaki vilevile. Malipo ya awali, hata ya nusu ya gharama, yangebadilisha kabisa orodha ya waombaji.

Marekani, sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 ilitenga dola milioni 50 kwa majengo ya mashirika ya aina hii, ruzuku moja isizidi dola 200,000, kwa kazi kama paa, taa, madirisha, milango na mifumo ya kupasha joto na kupoza hewa. Sheria hiyo inataka uhitaji wa kifedha wa mwombaji uwe kigezo kimojawapo. Wizara ya Nishati ya huko nayo ikaamua kuzipitisha fedha hizo kwenye taasisi kubwa zinazokusanya mashirika madogo pamoja. Hilo ni jambo jema sana. Shirika la watumishi wanne halina mtu wa kukaa wiki nzima akiandika andiko la mradi, na halipaswi kunyimwa kwa sababu hiyo.

Kuna suala la kinachonunuliwa. Paneli za sola zinapendwa kwa sababu zinaonekana, na picha yake hupendeza kwenye ripoti. Sina ugomvi na sola, lakini ije baada ya jengo kuacha kupoteza. Tazama feni kubwa inayosukuma hewa kwenye ukumbi. Ikiwashwa asubuhi inazunguka kwa kasi ile ile hadi mlinzi atakapoizima, watu wawe mia au asiwepo mtu. Kwa feni za aina hiyo, ukipunguza kasi kwa asilimia 20, umeme unaotumika hushuka karibu nusu. Kifaa cha kudhibiti kasi ya mota kinakaa ndani ya kisanduku ukutani na hakuna atakayekipiga picha. Balbu za LED nazo hutumia angalau asilimia 75 pungufu ya zile za zamani za waya. Anayenunua kiyoyozi kabla ya kuziba dari na milango ananunua kikubwa kuliko anachohitaji, na atakilipia kwa miaka yote kitakapokuwa kikifanya kazi.

Kujua kipi kianze kunahitaji ukaguzi wa nishati: mtaalamu apite chumba hadi chumba, asome bili, apime. Ukaguzi huo unagharimu, na mara nyingi ndio sharti la kuomba ruzuku. Naona ulipwe na mfadhili hata kama ombi lenyewe halitapita, maana ripoti yake itabaki kulisaidia shirika.

Mashirika yaliyopanga kwenye jengo la mtu yana shida ya ziada: yakikarabati, mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi na faida ikaishia kwake. Dawa yake ni kipengele kwenye mkataba wa pango, kabla ya fedha kutoka, kinachozuia kodi kupandishwa kwa sababu ya ukarabati huo.

Baada ya kazi kukamilika, mfadhili ana haki ya kuuliza kilichookolewa. Alinganishe bili za miezi 12 ya kabla na 12 ya baada, akizingatia hali ya hewa na saa za matumizi. Kituo kilichokuwa kikifunga saa kumi jioni kikianzisha masomo ya usiku, bili itapanda. Ripoti ioneshe umeme uliotumika kwa kila saa ambayo jengo limekuwa wazi, ili kituo hicho kisihesabiwe kuwa kimeshindwa kwa kuhudumia watu wengi zaidi.