Shemeji Kanifunga Kamba za Miguu

Mimi nimekulia Mbagala. Nimepanda daladala ambayo mlango wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nimepanda bodaboda mshikaki, abiria wawili na gunia la mkaa. Nimevuka kwenda Kigamboni na pantoni nikiwa nimeegemea ukingo natafuna karanga. Katika safari zote hizo hakuna aliyewahi kuniuliza, "Mzee, umejifunga?" Na nipo hai, namshukuru Mungu, nadaiwa tu.

Sasa kaja shemeji, mdogo wake mama watoto. Kakaa Ulaya miaka, karudi na begi kubwa kama godoro lililokunjwa. Tukajua zawadi. Mama Zuhura akaanza kuhesabu madirisha ya kuwekea mapazia mapya. Begi likafunguliwa sebuleni: kitambaa cha rangi ya machungwa, mita na mita, na kamba nyingi nyembamba kama za kuvulia samaki. Nikauliza, "Shemeji, huu mwavuli ni wa harusi?"

Akanuna. Akasema hili si mwavuli, ni bawa, linaitwa paraglaida. Mtu anakimbia kwenye mteremko, bawa linajaa hewa, miguu inaachana na ardhi. Mwavuli upo, lakini ni ule wa akiba, umekunjwa ndani ya kiti anachojifunga mrukaji. Bawa likiharibikia angani unautupa huo, kwa hiyo huwa unafunguliwa na kukunjwa upya mara kwa mara, usije ukagoma siku ya siku. Yaani kitambaa kina spea! Gari la jirani yangu halina hata spea ya tairi.

Kosa langu lilikuwa kusema, "Basi nifundishe."

Nilidhani Jumapili ileile nitaiona Mbezi kwa juu. Wapi! Dar yenyewe imelala kama chapati, na ndege zinazokuja kutua Kipawa haziwezi kumpisha fundi friji kama mimi. Kuruka, kasema shemeji, ni siku tutakayokwenda milimani na vibali mkononi. Hapa Coco Beach ni mazoezi ya chini. Wiki ya saba hii. Sijaruka hata kimo cha kuku anayekimbia kisu.

Kazi ni kupanga na kukagua. Tunafika saa moja asubuhi, wauza mihogo hawajawasha hata jiko. Shemeji anarusha mchanga hewani, anatazama minazi, anasikiliza kama mganga. Kusi ikivuma taratibu kutoka baharini, sawa. Ikija kwa kushtukashtuka, anafunga begi tunarudi. Mimi nimetoka Mbagala kwa magari mawili, jamani, halafu naambiwa upepo leo hauna adabu.

Upepo ukikubali, bawa linatandazwa mgongo chini, katikati liwe mbali nawe na ncha mbili zijikunje kuja upande wako, ili hewa iingie katikati kwanza. Ukililaza limenyooka kama shuka, ncha moja inaweza kunyanyuka mapema, likakugeuka. Halafu kamba. Kuna za mbele, za kati, za nyuma na za breki, na kila kundi likae peke yake, bila fundo, bila kupita juu ya mwenzake. Jumapili iliyopita nilivuta moja ikaja na kijiti cha mshikaki, kizibo cha soda na kandambili ya mtoto. Ya mguu wa kushoto. Shemeji hakucheka. Alisema kijiti kama kile kikinasa kamba, bawa linanyanyuka limejikunja upande mmoja, na hapo ndipo utakapojua mchanga una mawe.

Kwenye kiti ndiyo kuna ugomvi wetu. Kofia ngumu inavaliwa kabla ya kujifunga chochote, sawa, nimezoea kufanana na uyoga. Lakini kamba za miguu! "Miguu kwanza kufunga, miguu mwisho kufungua!" Ananipigia kelele mbele ya wachumba waliokuja kutazama bahari. Nikamuuliza kwa nini miguu, mbona kifua kimefungwa? Akanijibu kwa upole ulionitisha: wapo marubani wazoefu waliosahau miguu. Ukishaondoka ardhini, mwili unateleza kwenda chini, unabaki umening'inia kwa makwapa kwenye mkanda wa kifua, kiti hukifikii na breki huzimudu vizuri. Tangu siku hiyo nafunga miguu hata kabla hajafungua mdomo.

Bado karabina mbili, zile pete zinazounganisha kiti na bawa, uhakikishe zimejifunga na mikanda haijajisokota. Bado pini za mwavuli wa akiba. Halafu, ukiwa tayari kabisa, unaanza upya kwa sauti kama mtoto wa madrasa: akiba, kofia, miguu, kifua, karabina, kamba, upepo, anga. Anga ya nini? Nani yupo angani Coco Beach saa moja asubuhi? Kunguru!

Ningevumilia kama ugonjwa ungebaki ufukweni. Jumanne nimesimamisha bodaboda, kabla ya kupanda nikajikuta nimechuchumaa natazama mnyororo, nikapapasa tairi la nyuma, nikavuta mkanda wa helmeti ukabaki mkononi. Kijana akaniuliza, "Mzee, unapanda au unanunua?" Nikamwacha. Nikaenda stendi, nikaizunguka daladala. Tairi la mbele lina kipara kama mimi. Konda akapiga bodi, "Suka, ondoa, huyu trafiki!" Nikaachwa. Ya pili hivyo hivyo. Nilifika kazini saa nne, na bosi hakutaka kusikia habari za karabina.

Miaka arobaini nimepanda vitu hivi bila kuvitazama, na nilikuwa na raha zangu. Shemeji kanifumbua macho, na nauli ya teksi hajanipa.

Nyumbani ndiyo kabisa. Kila asubuhi nanusa mpira wa mtungi wa gesi, navuta kamba za viatu vya watoto, Zuhura amechelewa shule mara mbili. Mama yake alinyamaza tu, ananitazama. Jana nimefika mlangoni najisemea kwa sauti: simu, funguo, kitambulisho, nauli. Akatoka jikoni na mwiko, akasimama mbele yangu.

"Baba Zuhura, kuna kamba hujafunga."

"Ipi tena?"

"Hela ya kula."

Nikainua macho nikatazama mnazi wa jirani, nikautazama vizuri. Nikamwambia, mke wangu, leo upepo si mzuri.

Akasukuma komeo. "Basi leo huruki."