Kabla hujagusa springi

Karibu kila anayeishika bunduki yangu ya easofti, ile ya mchezo inayofyatua gololi za plastiki, kwa mara ya kwanza huuliza swali lile lile: ina nguvu kiasi gani? Haulizi kama gololi ya kumi inatua pale ilipotua ya kwanza. Haulizi inafika wapi kabla haijaanza kuyumba. Ni nguvu tu. Na mtu akitaka kujua abadilishe nini kwanza kwenye bunduki yake mpya ya umeme, hakosekani wa kumwambia aweke springi kali. Sijasikia ushauri mbaya kuliko huo katika mchezo huu, na nasema hivyo kwa sababu niliufuata.

Bunduki hizi hazina baruti wala gesi. Tokyo Marui wa Japani waliiingiza sokoni ya kwanza mwaka 1991, kwa umbo la FA-MAS ya Wafaransa, na mpangilio wa ndani umebaki karibu ule ule. Ukivuta triga, betri inazungusha mota, mota inazungusha gia tatu, na gia ya mwisho ina meno upande mmoja tu. Meno hayo yanaivuta pistoni nyuma huku springi ikibanwa. Yakiisha, pistoni inaachiwa ghafla, inaruka mbele ndani ya silinda na kusukuma hewa kwenye nozeli, na hewa hiyo ndiyo inayoitoa gololi ya plastiki ya milimita 6. Kwenye ufyatuaji wa mfululizo hayo yote hutokea zaidi ya mara 10 kwa sekunde moja. Kila mara pistoni inagonga ukuta wa mbele wa giaboksi, ganda linalobeba gia na silinda.

Springi huitwa kwa namba: M90, M100, M120. Namba hiyo ni makadirio ya kasi ya gololi ya gramu 0.20, kwa mita kwa sekunde. Kwa hiyo M100 inakupa takriban juli 1, kipimo cha nishati ya gololi, na M120 inakupa takriban juli 1.44. Ukiyasoma hayo kwenye pakiti unaona umeongeza karibu nusu. Lakini gololi ni nyepesi mno, na hewa inaikaba tangu inapotoka mdomoni mwa mtutu. Piga hesabu ya ukinzani wa hewa utaona: gololi ya gramu 0.20 iliyotoka kwa mita 120 kwa sekunde inakuwa imeshuka hadi mita 100 kwa sekunde baada ya kwenda mita 5 hivi. Kuanzia hapo inaruka sawasawa na ile ya springi laini. Yaani ile M120 yote imekusogeza mbele hatua sita au saba, basi.

Gharama yake mimi niliilipa. Niliweka M120 kwenye giaboksi ambayo sehemu nyingine zote zilikuwa za kiwandani. Kwa wiki chache ilikuwa raha tupu, mlio mzito, gololi inagonga kopo hadi linapinduka. Halafu mlio ukabadilika. Kila nikivuta triga mota ilianza kwa kusitasita, kama mtu anayebeba gunia lililomzidi. Siku moja nikasikia mkwaruzo mrefu, kisha mota ikawa inazunguka bure. Nilipofungua giaboksi nikakuta jino la kwanza la pistoni limelika hadi kuwa kijiti, na unga mweupe wa plastiki umechanganyika na grisi kila mahali. Pembeni ya dirisha la silinda, pale chuma kilipo chembamba kwenye giaboksi za toleo la 2, palikuwa na ufa mfupi kama unywele. Iliniuma. Ilikuwa bunduki nzuri kabla sijaiharibu, na sikuwa nimewahi hata kuijaribu ipasavyo nijue inaweza nini.

Nilipoijenga upya nilirudi M100 na kuanzia upande wa pili, kwenye gololi yenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakikosa siku zote.

Ndani ya hopapu, kifaa kinachokaa mwanzoni mwa mtutu wa ndani, kuna kipande cha mpira kinachoigusa gololi kwa juu inapopita. Mguso huo unaifanya izunguke kwa nyuma, na mzunguko huo unaibeba hewani. Bila hiyo hopapu, gololi iliyofyatuliwa kutoka begani sambamba na ardhi inatua ndani ya mita 30 hivi. Ikiwa nayo, na imewekwa vizuri, inaenda ikiwa imenyooka kisha inashuka taratibu huko mbali. Sasa gololi nzito inahitaji mguso mkubwa zaidi, na inapoanza ina kasi ndogo: kwa juli 1 ile ile, ya gramu 0.28 inatoka kwa mita 84 au 85 kwa sekunde badala ya 100. Wengi wanaishia hapo kwenye hesabu na kurudi kwenye gololi nyepesi. Lakini nzito inaishika kasi yake. Baada ya mita 15 hivi zimelingana, na kwenye mita 30 nzito ndiyo iliyo mbele, tena upepo hauisukumi ovyo. Kubadilisha gololi hakuhitaji hata bisibisi.

Baada ya gololi ni usafi wa mtutu wa ndani. Bunduki nyingi hutoka kiwandani na mafuta ndani ya mtutu, na mafuta hayo yanashika vumbi. Chukua kitambaa chembamba kisicho na nyuzi, kilowanishe spiriti, kipitishe kwa kijiti cha kusafishia. Changu mara ya kwanza kilitoka cheusi, cha pili kijivu, cha tatu na cha nne bado na mistari, na cha tano kikatoka kama kilivyoingia. Jioni hiyo nilifyatua gololi 10 kwenye karatasi na zote zilienea eneo la kiganja, wakati asubuhi zilikuwa zinatapakaa karatasi nzima. Sijabadilisha kitu chochote, nimefuta tu. Mtutu mwembamba wa milimita 6.03 badala ya 6.08 una faida yake, sikatai, ila mtutu mwembamba mchafu unashindwa na mpana msafi kila siku.

Halafu hewa. Toa silinda, weka pistoni ndani, ziba mdomo wa nozeli kwa kidole na usukume. Ikiwa hewa haivuji, pistoni itagoma, utahisi kama unasukuma pampu ya baiskeli iliyozibwa. Kama inateleza polepole, hewa inatoroka, na mara nyingi inatorokea kwenye oringi, pete ya mpira ya kuziba hewa, ya kichwa cha pistoni au kwenye kichwa cha silinda. Oringi nyingi zinaweza kutanuliwa kidogo na kupakwa grisi ya silikoni, na kichwa cha silinda kilicholegea kinazungushiwa tefloni ile ya mafundi bomba. Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Bunduki isiyovuja hutoa kasi ile ile karibu kila mara, na kasi ikiwa moja ndipo hopapu inapokuwa na maana. Kasi ikipanda na kushuka, gololi moja itapaa na inayofuata itazama hata ukilenga kama jiwe.

Kazi ngumu ni ya gia. Kila gia inakaa kwenye bushi, vishikizo vya mhimili wake, na washa nyembamba sana, nyingine za milimita 0.1, na lengo lake ni gia zisigusane mbavu wala zisicheze. Unaweka washa moja, unafunga ganda la giaboksi, unakaza skrubu, unazungusha kwa kidole, unasikiliza, unafungua tena. Nilitumia saa nne mara ya kwanza. Usiifanye usiku ukiwa umechoka, na usisahau kuishika springi na kijiti chake unapofungua ganda, kwa sababu ikiruka inaondoka na kila kitu, na kile kispringi kidogo cha kizuizi cha gia hutakiona tena.

Upande wa umeme nitasema machache. Betri ya lithiamu ya volti 7.4 inatosha bunduki nyingi. Ile ya 11.1 bila mosfeti, swichi ya kielektroniki inayopokea mkondo badala ya triga, inachoma vigusanishi vya triga hadi viwe vyeusi. Seli moja ikijaa ni volti 4.2, isishuke chini ya 3.0, na ukiiweka kabatini iache kwenye 3.8 hivi. Ikivimba, usiichaji tena. Usiache chaja ikifanya kazi ukaenda kulala.

Kuna jambo linaloniudhi, na nitalisema wazi. Wapo wanaopima bunduki yao kwa gololi nyepesi na hopapu ikiwa imefungwa, wakishapata ruhusa ya kuingia uwanjani wanarekebisha mambo na kuongeza nguvu. Mipaka haikuwekwa kwa kubahatisha. Japani tangu 2006 sheria imeweka kikomo kisichofika juli 1, cha 0.98. Uingereza, kwa sheria ya 2017, bunduki inayofyatua mfululizo haivuki juli 1.3. Ujerumani ya mfululizo haivuki 0.5. Viwanja navyo vina vipimo vyao. Anayesimama mbele yako mita 5 kutoka kwenye kona ni mwenzako, amevaa miwani ya kinga akiamini kwamba namba uliyotaja ni ya kweli. Pima kwa gololi utakayocheza nayo, soma juli wala si kasi peke yake, na pima tena kila unapogusa chochote ndani, hata kama ni oringi tu. Mimi nilishangaa nilipoziba hewa: springi ile ile ya M100 ilipanda hadi nikalazimika kuikata nguvu kwa kuweka M90.

Rudia sentensi hiyo uone ilivyo. Bunduki yangu ya sasa ina springi laini kuliko ile iliyoipasua, na inafika mbali zaidi.

Kuibeba pia ni sehemu ya kuimiliki. Kwa macho ya mpita njia haina tofauti na ya kweli, kwa hiyo inasafiri ndani ya begi lililofungwa, betri imetolewa, magazini imetolewa. Na kutoa magazini hakumaanishi mtutu hauna kitu, maana mara nyingi gololi moja hubaki kwenye hopapu. Kabla ya kutoa betri, elekeza ardhini, fyatua mara mbili, ndipo uweke kando. Fyatuo hilo la mwisho pia huiachia springi, ikalala bila kubanwa.

Jumamosi iliyopita kijana mmoja aliniletea yake, mpya kabisa, na springi ya M130 mfukoni akitaka nimwekee. Nilimwomba anipe saa moja kwanza. Tukasafisha mtutu, tukajaza gololi za 0.28, tukaanza kuzungusha hopapu kidogo kidogo huku yeye akifyatua moja moja kuelekea kwenye ndoo iliyokuwa mita 40. Ya kwanza ilianguka chini mapema. Ya tano ilipaa juu ya ndoo. Nikarudisha nyuma kwa nusu ya mzunguko uliopita. Ya tisa tuliiona sote wawili ikienda kama imechorwa kwa rula, kisha tukasikia ndoo ikilia. Akafyatua nyingine, ikalia tena. Ile springi ilirudi mfukoni na sikumsikia akiitaja hadi tunaagana.