Ahadi Ni Deni, Lakini kwa Kipimo cha Nani? Mikataba na Haki katika Sheria ya Biashara ya Afrika Kusini

Mwaka 2011 kampuni nne ndogo za jimbo la Rasi ya Magharibi, ambazo wenyewe walikuwa zamani waajiriwa wa kampuni ya kukodisha zana na mitambo midogo, zilianza kuendesha matawi ya biashara hiyohiyo kwa jina la mwajiri wao wa zamani. Mtaji walikopeshwa na mfuko wa serikali ulioundwa kuwainua kiuchumi watu waliotengwa enzi za ubaguzi wa rangi. Haki ya kutumia jina ilikuwa ya miaka 10. Majengo walipangishwa kwa miaka 5, na mkataba wa pango uliwaachia mlango wa kuongeza mitano mingine, ilimradi watoe taarifa ya maandishi miezi sita kabla ya muda kwisha. Taarifa hiyo walichelewa kuitoa. Mwenye majengo akawataka watoke, na bila majengo yale biashara yenyewe ilikuwa haina pa kusimama. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, Mahakama ya Juu ya Rufani ikautengua, na tarehe 17 Juni 2020 Mahakama ya Katiba, kwa kura za majaji walio wengi, ikaitupa rufaa yao katika shauri linalojulikana hadi leo kwa jina la mmoja wa wapangaji wale, Beadica.

Anayeanza kujifunza sheria ya biashara ya Afrika Kusini angefanya vyema kuanzia hapo, kabla hata ya kukariri mambo yanayounda mkataba. Swali la wapangaji wale ndilo lililowagawa majaji wa nchi hiyo kwa zaidi ya miaka 30: je, mahakama inaweza kukataa kutekeleza kifungu halali, kilichoandikwa kwa lugha inayoeleweka na kutiwa saini kwa hiari, kwa sababu tu utekelezaji wake utamuumiza mtu kupita kiasi?

Ugumu wa swali unatokana na asili ya sheria yenyewe. Sheria ya mikataba ya Afrika Kusini, kwa sehemu kubwa, haikutungwa na Bunge. Ni Sheria ya Kirumi na Kiholanzi, iliyoingia na Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki ilipoweka kituo Rasi mwaka 1652. Waingereza walipoitwaa Rasi mwaka 1806 hawakuing'oa. Waliiacha isimame, wakaipaka rangi yao hasa katika mambo ya kampuni, ushahidi na mwenendo wa mashauri. Mwanasheria wa Tanzania, aliyelelewa na Sheria ya Mikataba yenye mizizi India, atashangaa akikuta kwamba huko si lazima kila upande utoe kitu ndipo ahadi iwe mkataba. Sharti hilo la Kiingereza lilikataliwa rasmi mwaka 1919 katika shauri la Conradie dhidi ya Rossouw. Kinachotosha ni watu wenye uwezo wa kisheria kukubaliana kwa dhati juu ya jambo halali linalowezekana. Kwa hiyo uzito wote umewekwa juu ya ridhaa: ukisema ndiyo, umefungwa.

Juu ya msingi huo wa kale ikaja Katiba ya 1996. Kifungu cha 39(2) kinaitaka kila mahakama inapoiendeleza sheria hii iliyorithiwa iende sambamba na roho na malengo ya Hati ya Haki, sura ya Katiba hiyo inayotaja haki za msingi. Mpaka mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Rufani iliyoko Bloemfontein ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho katika mambo yasiyo ya kikatiba, na tangu mwaka huo neno la mwisho katika mambo yote linaweza kutoka Johannesburg, kwenye Mahakama ya Katiba iliyojengwa katika eneo la gereza la zamani, baadhi ya kuta zake zikiwa zimeinuliwa kwa matofali ya jengo walimokuwa wakiwekwa mahabusu. Mvutano ninaouzungumzia hapa ni, kwa kiasi fulani, mvutano wa miji hiyo miwili.

Bloemfontein kwa muda mrefu imekuwa ngome ya uhakika. Mwaka 1988, katika shauri la Benki ya Lisbon, mahakama hiyo iliizika kinga ya kale ya Kirumi iliyomruhusu mdaiwa kumkabili mdai kwa hoja kwamba kudai kwake, hata kama kuna mkataba, ni kinyume cha uungwana. Mwaka 2002 ikatoa hukumu mbili kwa moyo uleule. Katika Brisley dhidi ya Drotsky, mpangaji alidai kwamba mwenye nyumba alimkubalia kwa mdomo achelewe kulipa kodi. Mkataba ulisema hakuna mabadiliko ila ya maandishi, na mdomo ukashindwa. Katika Afrox dhidi ya Strydom, mgonjwa alilazwa katika hospitali binafsi kwa upasuaji, akatia saini fomu ya mapokezi bila kuisoma, kisha akadai kwamba uzembe wa muuguzi ulimletea madhara. Ndani ya fomu kulikuwa na kifungu kinachoiondolea hospitali lawama. Mahakama ilisema aliyetia saini bila kusoma amejitia kitanzi mwenyewe, kwani karani hakuwa na wajibu wa kumwonyesha kifungu ambacho mtu angeweza kukitarajia katika fomu za aina hiyo.

Ni rahisi kuzicheka hukumu hizi, hasa hiyo ya hospitali, kwa maana sijapata kumwona mtu aliyeshika tumbo kwa maumivu akiomba apewe dakika 10 apitie maandishi madogo. Lakini hoja iliyo nyuma yake si ya kupuuzwa. Mfanyabiashara anapokopesha, anapopangisha au anapoagiza shehena, anakadiria hatari kwa kutazama karatasi. Kama karatasi hiyo inaweza kulegezwa kila inapokutana na jaji mwenye huruma, gharama ya mashaka itaingizwa kwenye riba na kodi, na wa kwanza kuilipa atakuwa mteja mdogo. Tena kuna upande wa pili wa historia ambao wapenzi wa haki huusahau. Sheria ya Ardhi ya 1913 iliwakataza Waafrika kununua au kukodi ardhi nje ya takribani asilimia 7 ya nchi. Kwa miongo mingi waliyonyimwa haikuwa haki ndani ya mikataba peke yake. Walinyimwa hata uwezo wa kuingia mikataba. Kumwambia mpangaji mweusi wa leo kwamba sahihi yake haimfungi kama inavyomfunga mwingine, kwa kuwa pengine hakuelewa, kunaweza kumrejeshea, kwa nia njema kabisa, hadhi ya mtu asiyekomaa kisheria. Wenye mali nao hawatakosa kulisikia somo hilo: watachagua kufanya biashara na wengine.

Hata hivyo uhakika haujawahi kuwa kamili. Miezi michache tu baada ya Benki ya Lisbon, mahakama hiyohiyo ya Bloemfontein iliamua shauri la Sasfin dhidi ya Beukes. Daktari mmoja wa dawa za usingizi alikuwa ameikabidhi kampuni ya fedha mapato yake yote ya kazi, ya wakati ule na ya baadaye, kiasi kwamba angeweza kufanya kazi kama mtumwa kwa muda wowote ambao kampuni ingependa. Majaji waliubatilisha mkataba huo kuwa unapingana na sera ya umma, yaani tunu za jamii ambazo mkataba ukizivunja mahakama haiutekelezi. Mlango ulikuwa umefunguliwa. Katiba ikaja kuupanua, kwa kuwa sera ya umma ikaanza kusomwa kupitia heshima ya mtu, usawa, uhuru na ubuntu, neno ambalo Mswahili halihitaji kutafsiriwa maana analo lake, utu.

Kipimo kinachotumika leo kilitolewa mwaka 2007 katika Barkhuizen dhidi ya Napier. Bwana mmoja aliharibikiwa na gari katika ajali ya mwaka 1999, kampuni ya bima ikakataa kulipa, na mkataba ulisema asipofungua shauri ndani ya siku 90 tangu kukataliwa amepoteza haki yake. Alifungua baada ya miaka miwili. Jaji Ngcobo, kwa niaba ya wengi, aligawa swali mara mbili: kwanza, je, kifungu chenyewe kinavumilika? Pili, kama kinavumilika, je, ni haki kukitekeleza kwa mtu huyu, kwa kuzingatia kilichomzuia kutimiza sharti? Siku 90 zilionekana zinavumilika. Kuhusu swali la pili, mdai hakueleza chochote kilichomchelewesha, na asiyeeleza hasaidiwi.

Hapa ndipo ninapoona tatizo, na si pale ambapo wengi huliona. Katika Beadica, wengi wakiongozwa na Jaji Theron walikataa kuifanya haki au nia njema kuwa kanuni inayojitegemea, ambayo jaji angeweza kuishika mkononi na kubatilisha nayo lolote asilolipenda. Walisema tunu hizo hufanya kazi zikipitia sera ya umma, na kwamba uhakika wenyewe ni sehemu ya utawala wa sheria. Mpaka hapo nakubaliana nao. Jaji ambaye hana kipimo zaidi ya dhamiri yake si kimbilio la mnyonge. Leo atamfaa, kesho atamfaa mwenye wakili hodari. Ila wapangaji wale walianguka kwenye ngazi ileile iliyomwangusha mwenye gari: hawakutoa maelezo ya kutosha kwa nini walichelewa, na kutojua hakukuhesabiwa kuwa maelezo.

Nani basi anayeweza kueleza? Mwenye mafuriko, mwenye ajali, aliyelazwa hospitali. Huyo ana tukio la kuonyesha. Fundi aliyegeuzwa kuwa mmiliki wa kampuni kwa mpango wa uwezeshaji, asiye na mhasibu wala mwanasheria wa kumkumbusha tarehe, hana tukio. Ana hali ya maisha. Kipimo kilichopo kinalisikia tukio kuliko kinavyoisikia hali. Jaji Victor, aliyepinga hukumu hiyo pamoja na Jaji Froneman, alisisitiza ubuntu na usawa wa kweli, na kulizungumzia hilo kwa uchungu. Kwangu mimi jibu lililo imara zaidi lilikwisha tolewa na Jaji Moseneke katika upinzani wake wa mwaka 2007: kifungu kipimwe kwa athari zake kwa watu wa kawaida wanaokitia saini, bila kusubiri kila mmoja asimame kizimbani kusimulia shida zake. Kipimo hicho kingewapa wafanyabiashara uhakika zaidi, kwa sababu wangejua mapema, kabla ya ugomvi, kifungu gani kinafaa na kipi hakifai. Sina hakika kwamba kingewaokoa wapangaji wa Beadica. Taarifa ya miezi sita ni jambo la kawaida katika pango la biashara. Lakini wangeshindwa kwa sababu ya kifungu, si kwa sababu ya ukimya wao.

Bunge kwa upande wake lilikwisha chagua njia inayokaribiana na hiyo. Sheria ya Kuwalinda Walaji ya 2008, iliyoanza kutumika 2011, inakataza masharti yasiyo ya haki, inadai lugha nyepesi, inataka kifungu cha kuondoa lawama kionyeshwe waziwazi kwa mteja kabla hajatia saini, na hairuhusu mtoa huduma kujivua lawama ya uzembe uliokithiri. Fomu ya Afrox isingepita kirahisi leo. Lakini sheria hiyo haiilindi kampuni yenye mali au mauzo ya mwaka yanayofikia randi milioni 2, kiasi ambacho duka la kukodisha mashine za kukatia zege linaweza kukivuka bila mwenyewe kuwa tajiri. Anayeendesha biashara kwa jina la mwingine amesamehewa kikomo hicho kuhusu mkataba wake wa kutumia jina. Mkataba wa pango wa jengo anamofanyia biashara hiyo, ukiwa umetoka kwa mwenye nyumba mwingine, ni jambo jingine. Sheria imemlinda mlangoni palipoandikwa jina la biashara, ikamwacha arudi kwenye Barkhuizen kwa ajili ya mlango wenyewe.