Klipschorn imebadilika, tena sana

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema Klipschorn, ile spika kubwa ya kuwekwa konani, ni ile ile tangu 1946. Hapana, ndugu yangu. Umbo ndilo lile: honi ya besi, yaani njia ya sauti nzito inayopanuka kama tarumbeta, imekunjwa ndani ya sanduku, na kuta mbili za kona ya chumba ndizo zinazomalizia mdomo wake. Wazo hilo la Paul Klipsch wa Hope, Arkansas, bado linanisisimua. Wati chache tu zinajaza sebule nzima. Lakini zile za mwanzo zilikuwa za njia mbili, yaani sauti iligawanywa sehemu mbili, nzito na nyembamba, kila moja na kipaza chake; njia ya tatu ikaja baadaye. Na kubwa zaidi: zamani mgongo ulikuwa wazi, spika isipobana ukutani barabara, besi inavuja. Matoleo ya karibuni yamefungwa nyuma, unaweza hata kuigeuza kidogo ikuelekee. Hilo si badiliko dogo!