Si Lazima Kuokoa Kila Kifaranga

Anayeanza kufuga samaki wa mapambo hushauriwa achukue gapi, moli au plati, kwa kuwa samaki hawa hawatagi mayai bali huzaa vifaranga walio tayari kuogelea. Ushauri huo ni mzuri, ila huishia kwenye furaha ya uzazi wa kwanza. Kwa maoni yangu, kuwazalisha samaki hawa hakuhitaji ustadi wowote. Ustadi ni kuwazuia wasijaze tangi.

Mimi mwenyewe nilinunua gapi majike watupu nikiamini kwamba pasipo dume hapana uzazi, kumbe jike huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa na huweza kuzaa kila baada ya wiki nne hivi bila kukutana na dume mwingine. Tumbo lilipovimba na lile doa jeusi karibu na tundu la uzazi kukolea, nilikaa mbele ya kioo nikasubiri. Kifaranga hutoka akiwa amejikunja, huzama kidogo, hujinyoosha, kisha hukimbilia penye majani. Anayechelewa humezwa, na mara nyingi anayemmeza ni mama yake.

Wengi hapo hukimbilia kikasha cha kuzalishia, yaani kisanduku kidogo cha kumtenga jike ndani ya tangi ili vifaranga wasiliwe. Nami nilikitumia, na sikitumii tena, kwa sababu jike anayefungiwa katika nafasi finyu hutaabika na anaweza kuzaa kabla ya wakati. Afadhali kupanda mimea ya majini iliyosongamana upande mmoja wa tangi, kuwalisha wakubwa vizuri, na kukubali kwamba baadhi ya vifaranga wataliwa. Najua kauli hii huwaudhi wenye huruma, lakini vifaranga 30 waliookolewa wote katika tangi la lita 40 huyachafua maji kwa kinyesi chao, na amonia, sumu itokanayo na uchafu huo, haichagui mkubwa wala mdogo.

Wanaosalia mimi huwatenganisha mapema, madume mbali na majike, mara tu pezi la chini la dume linapoanza kuchongoka kama kijiti, jambo ambalo kwa gapi huonekana wakiwa na umri wa mwezi mmoja hivi. Wa ziada huwagawia wafugaji wengine. Kuwamwaga mtoni sikubali kabisa: gapi, ambao asili yao ni Amerika ya Kusini, walipelekwa nchi nyingi ili wale viluwiluwi vya mbu, na leo wamezagaa kwenye mito mingi wakiwabana samaki wenyeji.